Mtoto wa Kesi pale Bwera

Tangu nirudi Mwanza kila anayenikuta ananiuliza lile lile: "Dafroza, hao sokwe uliwaona?" Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na mwenzetu mmoja, simtaji, ameniuliza msibani maiti ikiwa bado ndani. Nimekuwa nikijibu kwamba nilimwona mmoja, kisha nanyamaza, na najua mmenuna. Mnadhani naringa. Siringi. Ni habari isiyosemeka vipande vipande. Kwa hiyo nimeiandika. Someni, na mkimaliza msiniulize tena.

Mnajua nilivyoondoka. Nilikuwa nimestaafu ukunga, na miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia kwenye chumba cha watoto njiti. Nyumba ikawa kimya mno. Binti yangu ndiye aliyeniambia kuna kikundi kidogo kule Kasese, magharibi ya Uganda, kinachotegua mitego ya nyaya msituni na kuwapokea sokwe wanaokamatwa na walanguzi mpakani mwa Kongo, na kwamba kinatafuta watu wa kujitolea. Nikasema, mimi na sokwe wapi na wapi. Halafu nikaenda.

Mwanza hadi Mutukula

Kivuko cha Busisi kilitukalisha asubuhi nzima. Injini moja ilikuwa imegoma, fundi kaingia chini, na sisi juani na mabasi yetu kama mahindi yaliyoanikwa. Nilinunua sangara wa kukaanga nikamla wote kwa hasira. Bukoba tulifika giza limeshaingia, nikalala kwa wifi yangu.

Wifi alinipikia ndizi na maharage, akanitazama nikila, akasema, "Wajukuu unao, unawaacha, unakwenda kulea manyani."

"Sokwe si nyani, wifi."

"Wana mkia?"

"Hawana."

"Basi afadhali," akasema, akaniongezea mchuzi.

Tulicheka, lakini asubuhi wakati ananisindikiza stendi alinishika mkono na kuniambia kwa upole kwamba anaona nimekimbia ile nyumba yangu ya ujane. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Nilivuka mpaka pale Mutukula mchana, na baada ya hapo Kiswahili changu kikaanza kupungua thamani. Masaka nilipoomba chai ya maziwa niliambiwa neno nisilolijua, nikaitikia kwa kichwa, nikaletewa chai ya rangi yenye tangawizi kali. Niliinywa. Mgeni hachagui.

Mbarara hadi Kasese

Basi la Mbarara lilizimika tukiwa tumeshavuka daraja la Katunguru, katikati ya hifadhi ya wanyama. Kondakta alifunga mlango akasema asishuke mtu, maana nyati walikuwa wanakula majani karibu na barabara. Tulikaa humo na joto, watoto wanalia, na mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu na kapu la samaki wa kukaushwa akanishika magoti.

"Wewe natoka wapi, mama?"

"Tanzania. Mwanza."

"Nakuja kufanya nini?"

Nikamweleza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchuuzi wa Hamukungu, kijiji cha wavuvi kilichoko ziwani humo humo ndani ya hifadhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akatazama wale nyati.

"Kiboko ilimuua ndugu yangu," akasema. "Ilipindua mtumbwi. Sisi ilimzika mguu moja tu na kichwa. Hakuna mtu ilipanda basi kutoka Tanzania kuja kulia na sisi."

Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayetaja bei. Msije mkadhani nimerudi na hekima. Nilimpa pole tu. Baadaye alifungua kapu akanimegea samaki kwa vidole vyake, tukala pamoja mpaka dereva alipoliwasha basi. Aliposhuka njia panda ya kijiji chao alinipungia mkono bila kutabasamu.

Kasese

Aliyenipokea Kasese ni Bwambale, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kovu la waya mkononi. Ndiye kiongozi wa kile kikundi. Alinipeleka kwa mama yake mzazi, huko juu upande wa Bulembia, ambako mto unanguruma mawe usiku kucha. Mama yake alikuwa amepika bundu, yaani ugali wa muhogo unaovutika, pamoja na kisamvu chao wanachokiita sombe. Niliuvuta ule ugali ukanivuta na mimi, na yule mama akafurahi.

Asubuhi nilipofungua mlango nikakuta uani kina mama wamekaa foleni, kila mmoja na mtoto. Wengine wamevaa nguo za Jumapili.

"Hawa ni akina nani?" nikamuuliza Bwambale.

Akakuna kichwa. "Mama, mimi niliambia mama yangu kwamba nurse ya watoto inakuja kutoka Tanzania. Hii ya sokwe, nilisema. Lakini yeye hakushika hiyo ya sokwe."

Nilimwelewa mama yake kabisa. Nani atashika jambo kama hilo? Mwanamke mtu mzima, mkunga, avuke mpaka kuja kumnyonyesha mnyama wakati watoto wa watu wanakohoa? Nilikaa kwenye kigoda nikawapokea mmoja mmoja. Dawa sikuwa nazo. Niliwapima kwa mkono, niliwaangalia macho, watatu niliwaambia waende hospitali siku ile ile, wengine niliwaambia wawape watoto uji na maji yaliyochemshwa. Mama yake Bwambale alisimama nyuma yangu mikono kiunoni, ana fahari kama ameniajiri. Wa mwisho alipoondoka niliona aibu, na sikujua aibu ya nini hasa.

Mpango ulikuwa twende msituni kutegua mitego. Hatukwenda. Mchana ule ule Bwambale alipigiwa simu kutoka Bwera, mjini mpakani. Polisi wamefungua gunia la makaa juu ya baiskeli, ndani wamekuta sokwe mchanga, jike, yu hai. Mwenye baiskeli yuko ndani. Bwambale alinitazama.

"Mama, sasa hii ni kazi yako," akasema.

Kasese hadi Bwera

Tulikwenda na gari la kikundi, pikapu ya zamani ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba ya mpira. Njiani, baada ya kuiacha barabara kuu pale Kikorongo na kuanza kupanda kuelekea vilima vya kahawa, nilimuuliza Bwambale mama yake huyo sokwe yuko wapi. Swali la kijinga, lakini kwetu wakunga ndilo la kwanza.

"Amekufa," akasema.

"Umejuaje?"

"Mama ya sokwe haiachi mtoto. Wewe nataka mtoto, lazima uue mama kwanza. Na wengine itakuja kumsaidia, nao utaua. Ukiona mtoto moja kwa gunia, jua nyuma iko maiti mingi."

 Niliyaangalia mashamba ya kahawa na maharage yakipita nikawa nawaza kwamba katika ukunga wangu wote nimepokea yatima wengi, lakini yatima wa namna hii sikuwahi.

Afande wa kituo cha polisi cha Bwera alikuwa mnene na mwenye haraka. "Hiyo kitu ni ya kesi," alisema kabla hatujakaa. "Haitoki hapa mpaka hakimu aone kwa macho. Hakimu iko njiani. Mvua imekata daraja huko upande ya milima. Ngojeni."

"Yuko wapi sasa hivi?" nikauliza.

Akaonyesha uani kwa kidole.

Uani

Uani, chini ya kamba ya nguo, alikuwepo mwanamke mwembamba anatwanga sombe kwenye kinu, anaimba wimbo wa kanisa kwa Kifaransa. Mgongoni kwake, ndani ya kitenge cha njano na bluu, kulikuwa na kichwa kidogo cheusi na masikio mawili makubwa yaliyosimama kama visosi. Kila mchi uliposhuka kile kichwa kilitikisika. Macho yalikuwa yamefumbwa. Alikuwa amelala.

Jina lake yule mwanamke Kavira. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Beni, huko Kongo, na watoto watatu wakati watu wanachinjwa mashambani, mumewe alibaki nyuma na hajafika mpaka leo. Alipanga chumba palepale uani na aliwapikia polisi. Gunia lilipofunguliwa alikuwa anapita na sufuria.

"Mie sikumuchukua, mama," akaniambia kwa Kiswahili chao, ambacho 'njo' ni 'ndiye' au 'ndiyo' yetu, kana kwamba namshitaki. "Yeye njo alinishika. Alinishika hapa," akagusa shingo, "banamuvuta, anakatala. Komanda akasema, muache naye."

Nilimpigia simu daktari wa wanyama wa kituo kimoja cha kulelea sokwe, mbali huko kwenye kisiwa cha Ziwa Viktoria, ambako mtoto angepelekwa kesi ikiruhusu. Aliniambia mambo ambayo mengi nilikuwa nayajua kwa njiti wangu: joto la mwili, maziwa kidogo kidogo, mlezi mmoja asibadilishwe. Kisha akasema lile ambalo sikulijua kwa uzito wake. Magonjwa yetu ni yao. Mafua ambayo mtoto wa binadamu anayapenga akaenda kucheza, yanaweza kumuua sokwe mchanga. Maski muda wote, na mwenye kikohozi asisogee.

Nikampa Kavira maski na glavu. Alivaa bila ubishi. Mtoto aliamka, akaiona ile maski, akaanza kuipapasa kwa vidole, akalia kilio chembamba ambacho, jamani, sitaki kukieleza. Chupa akaikataa. Basi nikamwona Kavira anachukua kipande cha ndizi ya kuchemsha, anashusha maski, anaitafuna taratibu mpaka inalainika, kisha anainama, mdomo kwa mdomo, anamlisha. Na mtoto akala. Alikula kwa njaa ya siku nyingi, midomo yake mirefu imekaza juu ya mdomo wa yule mwanamke.

Nilipiga kelele. Sauti ile ya wodini, mnaijua waliofanya kazi na mimi.

Kavira akaniangalia. "Batoto yangu yote batatu nililisha hivi," akasema. "Mama yangu njo alinilisha hivi. Hakuna alikufa."

"Huyu si mtu, Kavira. Mate yako yanaweza kumuua."

"Mutoto atakula namna gani kwa mutu hana mudomo?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa upole sasa, kwa maana nilikuwa nimeona kwamba kwao mtoto anaachishwa ziwa hivyo, chakula kinatoka kwa mama kwenda kwa mwana bila kijiko kati yao, na mimi nilikuwa nimemwambia mwanamke kwamba mdomo wake ni sumu. Alisikiliza. Hakukubali kwa maneno. Lakini hakushusha maski tena, na alikaa na ile chupa saa nzima, anaigusisha mdomoni mwa mtoto, anaitoa, anaimba, anairudisha, mpaka mtoto akanyonya kiasi cha vijiko viwili vitatu. Aliponyonya, Kavira alinitazama juu ya maski na nikaona anacheka kwa macho.

Siku zile za mwanzo zilikuwa njema, nisidanganye. Tulingoja hakimu, mvua inanyesha, mto Lhubiriha umejaa na wafanyabiashara wa Kongo wamekwama upande huu na vitenge vyao. Polisi walimwita yule mtoto Kesi. "Kesi amekunywa?" "Kesi amelala?" Bwambale hakutaka tumpe jina, alisema jina atapewa huko anakokwenda. Kavira alimwita mutoto tu. Alikuwa anatwanga naye, anafua naye, anasali naye. Alipoimba mtoto alitulia. Aliponyamaza mtoto alifungua macho kuona kuna nini.

Halafu mtoto wake wa pili, wa kiume, akaamka na mafua.

Nilimsikia akikohoa mlangoni. Nilimtazama Kavira. Naye sauti yake asubuhi ile ilikuwa na mkwaruzo. Sikuwa na haja ya kumpigia daktari lakini nilimpigia, labda nilitumaini atasema jambo jingine. Hakusema jingine. Mtoto atoke kwa yule mama sasa hivi, akasema, na achukuliwe na mtu mmoja mzima wa afya. Asiguswe naye tena. Na kama inawezekana, asimwone wala asimsikie, kwa sababu akimsikia hatamkubali mwingine, na asipomkubali mwingine hatakula.

Nilimwambia Kavira yote. Alikuwa amesimama penye kamba ya nguo.

"Mafua njo inaweza kumuua?"

"Inaweza."

"Donc, basi, nisimushike tena."

"Usimshike."

"Na sauti?"

"Na sauti pia, mama."

Alifungua fundo la kitenge kifuani. Mtoto alikuwa amekamata nywele zake. Nilimtoa kidole kimoja kimoja, mimi niliyewatoa watoto kwa mama zao maelfu ya mara ili niwape tena baada ya kuwapima. Safari hii sikuwa namrudishia. Mtoto alipiga mayowe mpaka polisi wakatoka nje. Kavira alirudi nyuma hatua kwa hatua, kiganja kimekandamiza maski mdomoni, mpaka akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilijirudishia hilo usiku na mchana. Halikunisaidia hata kidogo.

Kwangu hakunywa. Nilivaa glavu, nilivaa maski, nilimweka kifuani kama njiti, ngozi yake kwa joto langu, naye alikaa ameweka uso upande wa ule mlango. Akapiga chafya. Daktari akaagiza dawa ya matone, Bwambale akaifuata Kasese na pikapu ile ile. Kavira alikuwa haimbi tena. Kinu alikihamishia nyuma ya nyumba ya jirani. Watoto wake aliwafunza kuongea kwa ishara, nikawa nawaona wanaonyeshana kwa mikono, sahani, maji, njoo, kimya kimya, nyumba nzima ya watoto watatu haitoi sauti. Siku moja mdogo wao alianguka akachubuka goti, akafungua mdomo kulia, na kaka yake akamziba. Nilitamani kuwaambia walie. Sikuwaambia.

Mtoto alianza kulegea. Ninaijua ile hali, mikono inaacha kushika. Nilimwandikia Kavira, maana kumfuata nikiwa na mtoto kifuani nisingeweza, nikampa Bwambale akamsomee: nahitaji kitenge chako, lakini kichemshwe sana, kianikwe juani.

Kilikuwa kitenge pekee alichotoka nacho kwao. Alikichemsha kwa majivu mpaka njano ikawa krimu na bluu ikawa kama moshi. Nilipojifunga nacho nilifikiri kimeharibika, hata mtu asingekitambua. Mtoto alinyoosha mkono mmoja, akaukamata ukingo wake, akaunusa, akauweka mdomoni. Hakuwa na furaha. Alikuwa kama mtu aliyekubali yaishe. Jioni ile alikunywa nusu chupa, akatapika, akanywa tena.

Mahakamani

Hakimu alifika daraja lilipotengenezwa. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, miwani imening'inia kifuani, viatu vimejaa matope. Mahakama ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi. Nilikaa mbele na mtoto amefunikwa kifuani, amelala. Mshtakiwa alikuwa mtu mkondefu aliyevaa koti kubwa kuliko yeye. Aliangalia chini muda wote. Alisema yeye ni mubebaji tu, alipewa gunia na batu ya pori, alitumwa kulifikisha. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikaona kwamba naye ana njaa.

Shahidi alikuwa Kavira, kwa sababu alikuwepo gunia likifunguliwa. Aliitwa. Akasimama mlangoni kabisa, maski usoni, mita kadhaa kutoka kwangu.

Hakimu akauliza, karani akatafsiri: je, huyu mnyama aliyepo hapa ndiye uliyemwona akitolewa ndani ya gunia?

Kavira akainamisha kichwa kukubali.

"Shahidi ajibu kwa sauti," akasema hakimu.

Kavira akatikisa kichwa. Chumba kikaguna. Hakimu akavaa miwani.

"Shahidi ni bubu?"

Afande akamsogelea Kavira. "Wewe, sema! Hii ni mahakama!"

Kavira alinitazama mimi. Nilihisi mtoto akijigeuza chini ya kitenge. Nikasimama. Afande akaniamuru nikae, sikukaa. Nilimwambia hakimu kwamba mimi ni mkunga, na mtoto huyu akiisikia sauti ya yule mama ataacha kula, tumekaa hivi siku nyingi kumfundisha kula bila yeye, na hana nguvu ya kufundishwa mara ya pili. Nikasema kama mahakama inamtaka akiwa hai, isimwache asikie.

Hakimu akavua miwani. Alimwangalia Kavira, akanitazama na mimi, akatazama kile kifurushi kifuani kwangu. Kisha akamwambia karani aende mlangoni, shahidi amnong'oneze sikioni.

Karani alikwenda, kijana wa tai, akainama. Akarudi akasema, "Shahidi anasema ndiyo, ni yeye."

"Amemjuaje? Hajafunuliwa."

Karani akaenda tena. Safari hii alichelewa kuinuka. "Anasema amembeba mgongoni. Anasema anamjua anavyopumua."

Hakimu akaandika. Akaamuru kesi ya yule mtu iendelee na mtoto aondoke kesho yake asubuhi. Nilipogeuka mlangoni Kavira alikuwa ameshaondoka.

Bwera hadi ziwani

Tuliondoka kabla ya jua kuwa kali. Nilitazama uani, mlango wake ulikuwa umefungwa. Tulipofika mwisho wa mji, karibu na mahali wanapouza vitunguu, nikamwona. Alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na watoto wake watatu, wamepangana. Kiganja kilikuwa mdomoni. Hakupunga mkono kwa sababu mtoto angeona. Bwambale alitaka kusimama, nikamwambia aendelee. Nilimgeuza mtoto uso ndani ya kitenge tukapita.

Mengine ya njia siyakumbuki vizuri. Mbarara tulisimama nikaomba maji ya moto hotelini, mhudumu akadhani nina mtoto mgonjwa, akaleta na limau. Mtoto alikunywa. Ziwani walitupokea watu wenye maski na glavu kama zangu, nikakaa nao karantini mpaka kifua chake kikasafishika na mpaka alipoanza kumtaka mlezi wao mmoja, binti mnene mwenye kicheko. Siku moja nilimnyooshea mikono akanitazama, akarudi kwa yule binti. Nikajua kazi imekwisha. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, nikanawa, nikapanda basi la kurudi nyumbani.

Simu

Kutoka Mwanza nilimpigia Bwambale, akaenda Bwera akampa Kavira simu yake. Nilisikia kwanza pumzi tu.

"Kavira, sema. Hayupo hapa. Unaweza kusema."

"Mama." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mutoto iko muzima?"

"Mzima. Anakula. Amenenepa. Anapanda mti mdogo."

"Iko nalia?"

"Halii tena."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

 Nilijua atakachouliza, na nilijua ningeweza kumpa jibu tamu. Lakini huwezi kumdanganya mama kuhusu mtoto, hiyo mimi sijawahi.

"Sasa amenisahau?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Amekusahau. Ndiyo maana anakula."

"Bon," akasema Kavira. "Aksanti kwa Mungu."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti kubwa, bila kujizuia, na mimi nikashika simu nikamsikiliza mpaka alipomaliza.